Beki Aliyebisha Hodi

Jumamosi ile tulicheza na vijana wa ng'ambo ya mto tukawafunga mawili kwa moja. Ilikuwa siku ya kawaida ya milimani kwetu, Kivu ya Kusini: ukungu asubuhi, jua kidogo mchana, ng'ombe wamelala pembeni mwa uwanja kwa sababu majani ya pale yalikuwa matamu kuliko ya kwingine. Baada ya mechi tulikaa kwenye ukuta wa shule tukingoja redio ya kaka yangu ishike. Betri alikuwa amezianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu.

Kaka yangu aliitwa Safari. Mimi nilimwita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, na ndiye aliyekuwa nahodha wetu. Alipenda klabu moja ya Uingereza ambayo wengi wetu hatukujua hata rangi ya jezi zake. Hakuipenda kwa ajili ya makombe. Makombe yake yalikuwa machache na ya zamani. Aliipendea wachezaji wake waliodumu. Mtangazaji aliwahi kusimulia habari zao kipindi kizima, na Safari akashika yote kichwani: golikipa aliyelinda lango lile lile hadi akapata wajukuu, kiungo aliyekataa kuhama timu iliposhuka daraja, na zaidi ya wote, beki wa kushoto aliyeanza kama kijana wa kufagia ngazi za uwanja, akavaa jezi moja mpaka akaota mvi.

Safari aliongeza na ya kwake. Alisema siku beki yule alipostaafu aliulizwa anataka zawadi gani, naye akaomba kipande cha majani ya uwanja ampelekee mama yake. Redio haikusema hilo. Nilikuwepo alipolitunga, tukiwa watatu tunachunga, na alicheka peke yake jinsi lilivyomtoka vizuri.

Beki wetu wa kushoto, na wa tatu wetu malishoni, alikuwa Sadoki. Yeye na Safari walianza pamoja na mpira wa matambara, na hakuna aliyekaa katika timu yetu muda mrefu kuliko wao wawili. Sadoki alikula kwetu, alilala kwetu, mama alimpa maziwa kabla hajatupa sisi. Safari alimwita Mkongwe, naye akamwita Safari Mkongwe. Ukilitaja jina hilo uwanjani, waligeuka wote wawili.

Baada ya mechi ile Sadoki alishuka machimboni kutafuta kazi. Tukasikia kwamba huko chini kuna kundi la watu wenye silaha linalochukua vijana. Tulimwombea kanisani.

Alirudi asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umekaa. Nilikuwa zizini nakamua. Mama alikuwa amekwenda kisimani. Nikasikia mtu anabisha mlangoni kwetu.

"Mkongwe, fungua. Ni miye."

Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukisikia wageni, tunatokea nyuma na kukimbilia msituni. Safari hakutokea nyuma. Kwa sauti ile, alifungua.

Nyuma ya Sadoki walisimama watu wenye bunduki.

Nilijilaza kwenye samadi. Ng'ombe hakusogea.

Safari hakupiga kelele. Alimtazama Sadoki, akauliza kitu ambacho sikukisikia. Sadoki alikuwa ameshaelekea nyumba ya jirani.

Akabisha. Akaita jina. Mlango ukafunguliwa.

Akaenda wa tatu.

Kila mlango alibisha yeye, na kila jina alilijua. Walitoka golikipa wetu, mawinga, na mwalimu aliyetuchezesha. Wenye bunduki waliwafunga mikono kwa kamba za kufungia ng'ombe, wakawapeleka nyuma ya kilima.

Kisha nikasikia milio ya bunduki.

Nilimkuta mama njiani, ndoo bado iko kichwani. Nilimshika mkono tukakimbia. Wazee waliorudi baadaye kutafuta hawakukuta mwili hata mmoja, wala udongo uliochimbuliwa. Mvua ilikuwa imenyesha mara nyingi kabla hawajafika.

Tulivuka ziwa, tukakaa kambini miaka ambayo siipendi kuisimulia. Watu wa kambini walimwomba Mungu awasaidie kusahau. Mimi nilimwomba nisisahau. Kila asubuhi kabla ya kuinuka nilijirudishia uso wa Sadoki: kovu la nyusi, meno yake yenye mwanya, namna anavyotupa mguu wa kulia akitembea. Nilijua watu huzeeka na kubadilika sura. Nilitaka nimtambue hata akiwa mzee.

Tulipopata nafasi ya kuja Amerika walitupeleka Louisville. Tulipanga apatimenti mtaa wa Newburg, mama na mimi, na baadaye mke wangu. Nilipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Jumapili tulikwenda kwenye kanisa la watu wetu, na kila kiangazi makanisa ya Wakongomani ya Louisville, Columbus na Buffalo yalikutana kwa mpira wa vijana.

Mwaka 2015 mashindano yalikuwa Columbus. Nilikuwa dereva wa vijana wetu. Tulipofika nikapita karibu na kivuli cha turubai, na humo kocha wa Buffalo alikuwa anawasimulia wachezaji wake. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani. Sikumwangalia mara mbili. Lakini masikio yangu yalisimama.

Aliwaambia habari za klabu moja ya Uingereza. Aliwaambia juu ya golikipa, juu ya kiungo, juu ya beki aliyefagia ngazi. Mtoto mmoja akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini beki huyo hakuhama akapate klabu kubwa. Kocha akamjibu kwamba mtu wa kweli hawaachi wenzake, na kwamba siku ya kustaafu beki yule aliomba kipande cha majani ya uwanja tu, ampelekee mama yake.

Maneno yale yalizaliwa kinywani mwa kaka yangu, kule malishoni, na duniani tulikuwa tumebaki wawili tu tuliokuwa tunayajua.

Alipoinuka, alitupa mguu wa kulia.

Sikumfuata. Vijana wangu walikuwa wananiita, na huko nyuma watoto wake walikuwa wanampigia makofi. Nilirudi Louisville nikamwambia mama kwamba nimemwona Sadoki. Hakulia. Aliniuliza kama ana afya. Nikamwambia anayo. Akasema vizuri.

Majani ya miti yalipoanza kuanguka niliomba likizo kazini. Niliendesha gari hadi Columbus, nikapumzika, nikaendelea hadi Buffalo. Chini ya kiti nilikuwa na nyundo. Mke wangu nilimwambia nakwenda kwenye mkutano wa kanisa.

Watu wa kanisa lao walinielekeza: Sadoki alikaa mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya pili, juu ya duka la kinyozi. Ilikuwa mchana. Mke wake alikuwa kwenye kazi ya kutunza wazee, watoto shuleni. Nilibisha hodi, nyundo ikiwa ndani ya koti, na alipouliza nani nikamwambia ni mimi, mdogo wake Safari.

Alifungua. Labda naye alikuwa amechoka kungoja. Alinipa kiti, akakaa mbali na mimi, akaangalia koti langu.

"Bon, sawa," akasema. "Miye sikumuua. Nilibisha tu. Ningekataa, wangeniua miye."

Nilimuuliza kama ilibidi abishe kila mlango. Nilimuuliza kama walimlazimisha kutumia jina lile la Mkongwe. Akaanza kuzungumza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno hayo siku nyingi.

"Donc, basi unisikilize. Najua kwenye walizikwa. Walinichimbisha na hii mikono yangu. Nitakuambia mahali, jiwe gani, kijito gani, mama ajue mtoto wake iko wapi. Lakini ile mambo iishie hapa, kwa sisi wawili. Niko na watoto."

Nilitoka hadi kwenye ngazi nikampigia mama. Nilimweleza yote.

"Kaburi nalitaka," akasema. "Kila siku nalitaka. Lakini kama bei yake ni sisi kufunga midomo, Safari alale huko huko. Huyu hatauza mtoto wangu mara mbili. Na wewe usimguse. Nataka aishi miaka mingi, na watu wamjue."

Nikarudi ndani nikamwambia Sadoki kwamba mama amekataa. Kwa mara ya kwanza akaondoa macho kwenye koti langu. Nyundo alikuwa ameikubali, naona. Jibu la mama hakulitegemea.

Jumapili nilikwenda kanisani kwao. Nilimwomba mchungaji nafasi ya ushuhuda, kama mgeni kutoka Louisville, naye akanipa. Nilisimama mbele nikataja majina ya wachezaji wetu na mwalimu wetu. Nilieleza jinsi milango ilivyobishwa. Nikasema aliyebisha amekaa benchi la tatu, na ndiye anayewafundisha watoto wenu kutowaacha wenzao.

Sadoki hakusema ni uongo. Aliinuka akatoka. Mke wake alibaki amekaa, macho sakafuni. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma akaanza kulia kwa sauti. Alikuwa dada wa golikipa wetu. Alikuwa ameishi na Sadoki mtaa mmoja, akipokea kitoweo kutoka kwa mke wa Sadoki, bila kujua kwamba ndiye aliyebisha.

Wazazi waliwaondoa watoto wao kwenye timu yake. Mke wake alihamia kwa ndugu zake pamoja na watoto. Yeye alihamia Cheektowaga, akapata kazi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, na wanaofanya kazi naye wanasema hula chakula chake peke yake ndani ya gari. Baadaye walikuja watu wa serikali kuniuliza. Niliwaambia nilichokiona nikiwa kwenye samadi. Mpaka leo sijui walifika wapi nacho.

Watu wengine wa kanisa letu waliniambia ningemsamehe, ningepata amani. Sikumsamehe. Niliposikia habari ya chakula cha ndani ya gari, usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala tangu tuvuke ziwa. Nasema wazi ili asije mtu akanisifu kwa wema ambao sina.

Lakini Sadoki hajasema mahali pale. Nilimtumia watu wawili, mmoja mchungaji, akawajibu kwamba alishanipa nafasi. Mama alifariki siku ya theluji, akazikwa Louisville, na jiwe lake lina jina na tarehe. Wiki ya mwisho aliniuliza kama nadhani mahali alipo Safari pana majani. Nikamwambia kule kwetu kila mahali pana majani. Akaniambia nisimdanganye.

Juzi binti yangu, ambaye hazungumzi sana Kiswahili, aliniuliza kwa Kiingereza baba yake mkubwa amezikwa wapi. Nikamwambia sijui. Akaniuliza nani anajua.

Nikamtajia jina, na mji anakoishi.