Wufa Iliyoita Majirani

Ka-ka-ka-ka. Debe likipigwa kwa mwiko, mbali kidogo, kisha jingine, karibu zaidi. Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo, na kila nikiikumbuka shingo inapata joto.

Nilikuwa nimetoka Voi, ninakouza kava na chaja za simu kwenye duka la mtu, nikaleta wufa mpya, ile spika ya besi, nyumbani Kasigau. Pale sebuleni kulikuwa na spika mbili za marehemu baba, za mbao, bado safi, ila besi hazikuwa nayo. Kwaya ikiimba unawasikia akina mama tu, wanaume ni kama walibaki kanisani. Mimi nina ndoto ya kurekodi kwaya siku moja, msinicheke.

Fundi aliyeniuzia alinielekeza vizuri. "Dada, wufa nzuri haijulikani iko wapi. Ukisikia inatoka pale, ujue umeizidisha. Spika ziimbe, yenyewe ibebe zile sauti za chini tu. Na usiiweke kwa kona, itanguruma."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kufika nyumbani nikaiweka kwa kona, kwa sababu ndipo ilipopendeza, nikawasha wimbo wa kwaya, nikazungusha kitufe mpaka mabati yakatetemeka. Mama akatoka jikoni mikono imejaa unga, akacheka, akacheza kidogo. Raha ilinijaa hata sikuwaza.

Sasa, kwetu kila boma lina pipa tupu limening'inizwa. Ndovu wakiingia shambani unaligonga polepole, du, du, du, na anayesikia anaacha alichoshika, anachukua debe lake, anakuja akilipiga. Haulizi kama mna ugomvi. Msimu uliopita mahindi ya mama yaliokoka hivyo tu.

Sauti nyembamba huishia kwenye mahindi. Ile nene husafiri. Kule kwa majirani hakuna aliyesikia kwaya. Walisikia du, du, du kutoka kwetu, jioni, wakati ule ule ambao ndovu hupenda kuja.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa boma la chini, tochi mkononi, anahema.

"Wako wapi? Wangapi?"

"Nani, mzee?"

"Ndovu!"

Nyuma yangu besi ilikuwa bado inagonga. Akautazama mlango, akanitazama mimi. Wengine wakaingia uani na madebe yao, hata nyanya mmoja jirani anayetembea kwa fimbo, kiatu kimoja kimebaki njiani.

"Haki ya Mungu," akasema mke wa mzee, "ndovu wa huku siku hizi wanaimba sauti ya nne, besi ya kwaya!"

"Na huyu hataki mahindi. Anakula stima!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka mpaka wakakalia madebe. Nami nikacheka nao, machozi yakinilenga, nikakimbia ndani kuzima.

Nyanya hakucheka, alinifuata mpaka mlangoni. Hakunigombeza pia, na afadhali angenigombeza.

"Mwanangu, wimbo ni mzuri. Lakini kesho mama yako akigonga pipa, mimi nitajuaje? Nitasema ni redio ya yule msichana, wacha nimalize chai yangu kwanza."

Hapo kicheko kikaisha. Mimi ningerudi Voi. Mama ndiye angebaki pale peke yake na shamba. Alikuwa amesimama mlangoni, akipangusa mikono kwa leso, anapangusa tu, ingawa unga ulishatoka. "Mtusamehe," akasema. Akawasindikiza wote mpaka njiani, akaomba msamaha kwa mmoja mmoja, akamtafutia nyanya kiatu chake kwenye majani. Mimi sikuweza hata kutoka nje.

Asubuhi, mama alipoenda kuteka maji, niliitoa wufa kwa kona, nikaiweka katikati ya spika za baba, nikarudisha kitufe nyuma. Ndani ya nyumba ilikuwa tamu ajabu, wanaume wamerudi kwenye kwaya, na huwezi kujua wametokea wapi. Lakini sikukaa kusikiliza. Niliuacha wimbo ukiimbia viti, nikashuka kwa njia ya shambani, nimeinama kidogo nisionekane, mpaka kwenye ua wa mkonge wa yule nyanya. Nikabana pumzi.

Du. Ndogo, lakini ipo.

Nikapanda kurudi, nikapunguza tena, nikashuka tena, nikasimama pale kwenye mkonge kusikiliza.