Kipande Kilichonyooka

Mimi nachonga pua. Watu wakisikia hivyo huziba zao kwa kiganja, utadhani natembea na kisu mkobani. Natoa gegedu, ule mfupa laini, kwenye ubavu wa mgonjwa, nalichonga liwe mgongo wa pua, nalilaza kwenye maji ya chumvi, kisha nangoja nione kama litapinda. Gegedu lina kichwa kigumu jamani, kuliko hata mume wangu.

Balaa ni kwamba hospitali nzima mchongaji ni mimi peke yangu. Kila nikiomba uhamisho nikamtunze mama, mkuu wetu wa upasuaji hunijibu, "Daktari, tupatie mrithi kwanza." Kaka naye hanipi pumzi. Juzi alinipigia: "Dada, mama kaniita kwa jina la marehemu baba. Wewe bado anakutaja. Njoo angali anakujua." Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Mrithi niliyemfundisha ni daktari mwenzangu, tunamwita Kimya. Jana alichonga mbele ya mkuu. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani ambaye saratani ilimla pua. Nikamwona Kimya anakata pembeni mwa gegedu badala ya katikati, upande mmoja kaacha ganda, upande wa pili kalikwangua. Nikaacha maji yaamue. Kipande kikalazwa majini, tukangoja, kikatoka kimenyooka.

"Safi," mkuu akasema. "Daktari, kesho nakusainia uhamisho wako."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilishauona mlango wa mama. Kipande kile kingepinda, ndiyo, lakini baada ya miezi, mimi nikiwa mbali, na wala hakuna ambaye angeniuliza. Nikamtazama yule fundi, kalala fofofo, katukabidhi ubavu wake.

"Kitapinda," nikasema. "Kimya, umekata pembeni. Ona hili ganda la upande mmoja, litakivuta polepole."

Kimya akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

Mkuu akakichukua kipande, akakigeuza huku na huku, hakuona kitu. Akanirudishia.

"Unaona sasa?" akaniambia, tena kwa upole. "Ndiyo maana hatuwezi kukuachia."

Nikamwambia nesi anisogezee gegedu lililobaki. Nikalishika katikati, nikaanza kuchonga, huku namwomba mama anisubiri.