Pampu Isiyoweza Kusubiri

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu wa Masasi hakunipa koleo wala ngazi. Alinipeleka kwenye nyumba moja nyuma ya soko, akanitaka nibishe hodi, nimsalimie mwenye nyumba, kisha nimweleze kwamba tutamzimia umeme kwa saa moja ili tubadilishe waya uliochakaa. Tulipokuwa tunarudi ofisini aliniambia, "Umeme huanza kuzimwa kwa mdomo. Mkono unafuata." Nilidhani ananitania.

Enzi hizo kuzima nyumba moja kulitaka mtu apande nguzo na kuchomoa fyuzi, kile kipande kinachokubali kuungua ili waya usiungue. Ukiwa kule juu uliona uani mwa watu: nani anapika, nani ananyoosha sare za shule. Mama mmoja aliwahi kunipungia mwiko kutoka chini, nami nikasubiri juu ya nguzo hadi amalize kusaga nazi. Napenda kujua mambo ya watu, sikatai. Nilikuwa na daftari nilimoandika kila nyumba inautumia umeme kwa kazi gani, ingawa hakuna aliyenituma.

Kutoka Masasi nilihamishiwa Newala, kusimamia mita. Nilikaa huko mpaka miaka yangu ya mwisho kazini, na ndipo ulipokuja mradi wa majaribio wa kuzima vyombo vya majumbani kutoka mbali. Sababu yake ilikuwa nzuri. Kati ya saa moja jioni na saa tatu usiku kila mtu huwasha kila kitu, na mzigo, yaani jumla ya umeme unaovutwa kwa wakati mmoja, hupanda hadi transfoma zinalalamika. Badala ya kuzima mtaa mzima, wahandisi walitaka kuzima vile tu vinavyoweza kusubiri. Kila nyumba iliyokubali ilifungiwa kisanduku cha kijivu kando ya mita. Ndani yake mlikuwa na rilei, swichi ndogo inayojigeuza yenyewe ikipata ujumbe kwa njia ya mtandao wa simu.

Niliomba nikaone ujumbe huo unatoka wapi, nikapelekwa kwenye chumba cha udhibiti huko Mtwara. Mhandisi wa Mizigo, bwana mpole mwenye miwani, alibonyeza mara moja tu, na kwenye kioo cha kompyuta majokofu ya mtaa mmoja wa Newala yakapumzika. Nilimuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Nilirudi Newala nikiwa na furaha, na ilinichukua muda kugundua kwamba mle chumbani sikumsikia mtu akibisha hodi popote.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Ilikuwa na safu mbili: kinachoweza kusubiri na kisichoweza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikafika kwa Mama Hadija, muuza vitenge ambaye tulifahamiana tangu nihamie. Alisita. Alisema hapendi kitu kinachosikiliza amri za watu asiowajua. Nikamwambia mimi ananijua. Basi akakubali kwa ajili yangu. Jokofu, linaweza kusubiri. Taa haziwezi. Nilipokuwa natoka niliona pampu ya maji uani, nami nikaiandika kwenye safu ya vinavyoweza kusubiri. Sikumuuliza. Kisha nikafunga kisanduku kwa lakiri, ule waya wenye mhuri wa risasi, nikamwambia asiikate hata kitokee nini. Akaahidi.

Hapa lazima nieleze. Mimi ni mtoto wa Masasi. Nyumbani kwetu kisima kilikuwa nyuma ya jiko, na pampu kwangu ni kitu unachowasha ukitaka. Newala iko juu ya mwamba mrefu. Bibi za watu wa huko waliteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Siku hizi maji ya bomba yanakuja kwa zamu, na mtaa wa Mama Hadija ulipata Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa saa mbili hivi. Yalikuwa dhaifu. Yaliingia kwenye karo la saruji ardhini, na pampu iliyapandisha kwenye tangi juu ya mnara. Pampu isipofanya kazi, karo linajaa mara moja, na maji yanaendelea zake kwa majirani wa chini.

Wiki visanduku vilipoanza kufanya kazi, Mama Hadija alikuwa anajiandaa kumtoa mwali, mjukuu wake Somoe. Wageni walikuwa wanatoka Kitangari na Chidya, na mwali huogeshwa asubuhi ile kabla ya kuvishwa nguo mpya. Jumanne tangi halikujaa. Fundi wa pampu aliifungua, akaifunga, asione kosa. Ijumaa Mama Hadija alinitumia ujumbe niende. Sherehe ilikuwa Jumapili.

Nilifika tukakaa kando ya karo, mimi na saa yangu. Pampu ilinguruma vizuri. Ilipotimia saa moja kamili nikasikia kwenye kisanduku: tak. Pampu ikanyamaza. Mama Hadija alinitazama.

"Baba Zuhura, hiyo ni sauti ya nini?"

Nikamweleza, pamoja na nilichoandika.

"Ninyi watu wa Masasi," alisema taratibu, "mkikuna ardhi kwa kucha mnapata maji. Mimi ningekata hii lakiri tangu Jumanne kama ningejua. Hapana, nisingeikata. Nilikuahidi. Sasa nimwogeshe Somoe kwa ahadi?"

Nilimpigia Mhandisi wa Mizigo. Alifungua fomu kwenye kompyuta yake.

"Mzee, hapa imeandikwa inaweza kusubiri. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi leta barua ya Meneja wa Wilaya Jumatatu, nitaibadilisha. Leo siwezi."

Alikuwa anafuata utaratibu, na utaratibu huo niliuanzisha mimi kwa kalamu yangu. Nikatoa koleo mfukoni, nikakata lakiri mwenyewe, nikaunganisha waya wa pampu moja kwa moja. Ikanguruma. Tulisimama pale hadi maji yalipokatika, na Mama Hadija akagonga tangi kwa fimbo ndefu kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza lilipojaa.

Jumapili Somoe alitoka amependeza. Jumatatu nikaandika maelezo yangu, nikapata barua ya onyo, ambayo ninayo mpaka leo. Mhandisi naye alikuja Newala, akakaa kwenye karo lilelile Jumanne jioni, akauliza maswali mengi kuliko yangu. Fomu ikaongezwa safu ya siku na saa, na maneno haya chini: ijazwe mbele ya anayekitumia kifaa.

Sasa nimestaafu, nimerudi Masasi. Mwezi uliopita fundi alikuja kutufungia kisanduku. Sikukipinga, bado nadhani ni kazi ya akili. Aliniuliza kuhusu pasi, kama inaweza kusubiri. Nimeishi na pasi ile miaka mingi na sijawahi kuishika. Nikamwomba angoje, nikaenda uani kumwita mke wangu.

Mama Zuhura alikuja akifuta mikono kwa khanga, akamsalimia mgeni, akavuta kiti.

"Tuanze na Alhamisi jioni," alisema akinitazama. "Maana kanzu yako ya Ijumaa hainyooki yenyewe."