Mwanachuoni wa Chumba cha Makaa

Dakta Bohuslav Vintíř alikuwa na miaka hamsini na mitatu alipoletwa kuchochea makaa katika maktaba yetu, kule juu mlimani Praha. Nasema alipoletwa, kwa kuwa hakuomba. Vifaru vya Warusi vilipoingia alikataa kutia sahihi karatasi ya kuvisifu, akafukuzwa ualimu.

Kabla ya hapo alikuwa akija kwetu miaka kumi na minne, koti safi, kioo cha kukuzia maandishi mfukoni, akiorodhesha miswada ya kale. Mimi, Drahomíra, bawabu wa ukumbi, ndiye niliyempokea kila asubuhi. Sasa akawa anaingia kwa mlango wa nyuma. Ukumbini alipigwa marufuku.

Mkurugenzi mpya, Lubor Rezek, aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na Dakta alimfelisha mara mbili. Rezek hakusahau. Kila walipokuja wageni wakubwa alinituma: "Kamwite yule wa makaa."

Dakta alipanda, akasimama kizingitini, uso mweusi tii kwa vumbi la makaa.

"Ndugu Vintíř, hebu waambie wageni, kitabu hiki cha mwaka gani?"

"Elfu moja mia nne kumi na tisa. Ila jalada ni la baadaye."

"Mnaona? Kwetu hata mchochea makaa ni msomi!" Wageni wakacheka. "Haya, shuka. Na usiguse ukuta."

Siku moja nilimwuliza, "Bwana Dakta, kwa nini unamjibu? Si ujifanye hujui tu?"

"Nikisema sijui, Bi Draha, atawatajia mwaka wa uongo."

Jumatatu moja ya Februari, maktaba ikiwa imefungwa, baridi ilipasua bomba la maji ya kupashia jengo joto juu ya dari ya ukumbi. Dakta aliona mshale wa kipimo cha boila, tangi la kuchemshia maji hayo, unashuka, akaja mbio hadi kwangu.

"Funguo za ukumbi, Bi Draha!"

"Lakini umekatazwa..."

"Maji yanavuja juu ya vitabu! Lete funguo, mama wee!"

Nikampa. Alifunga bomba, lakini maji yaliyokwisha kujaa darini yaliendelea kumwagika. Akasimama chini yake, akanawa masizi mikononi kwa maji yaleyale, akavua koti, akajifutia kwenye shati upande wa ndani. Ndipo akaanza kubeba. Vitabu vile ni vizito kama ndama. Tulivihamisha mia mbili na kumi na viwili hadi adhuhuri, na tisa tu ndivyo vilivyolowa. Alikaa sakafuni akitweta, akakumbatia kimoja kama mtu aliyempata nduguye.

Rezek alifika alasiri kutoka nyumba yake ya shamba. Akatazama vitabu, akatazama nyayo za buti sakafuni, akajifungia ofisini. Kesho yake aliniita ofisini. Karatasi ilikwisha kupigwa chapa: Vintíř aliliacha boila bila uangalizi hadi bomba likapasuka, kisha akavunja kufuli ili aibe.

"Mimi ndiye niliyempa funguo, ndugu mkurugenzi."

"Tia sahihi. Usome usisome, shauri yako. Mwanao yuko mwaka wa mwisho wa udaktari, siyo?"

"Ndiyo."

"Itakuwa hasara."

Nikatia sahihi.

Dakta alifungwa miezi kumi. Alipotoka, kazi aliyopewa ni kukwangua mavi ya njiwa kwenye sanamu za watakatifu wa daraja la kale, mvua ije, theluji ije. Rezek akapenda kuwapitisha wageni pale wakielekea kasri. Alisimama chini ya ngazi aliyopanda Dakta na kupaza sauti: "Huyo alikuwa mwalimu wangu. Oneni alipofikia!" Mwaka huohuo orodha ya miswada ilichapishwa, majuzuu mawili, kazi yote ya Dakta. Juu ya jalada: Lubor Rezek. Ikapata tuzo.

Mapafu ya Dakta yakaharibika. Nilimwendea hospitali na supu ya kuku kwenye gudulia.

"Bwana Dakta, nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa na mtoto."

"Na mimi nilikuwa na mtoto. Walimtoa shule wiki niliyofungwa."

"Nisamehe."

Alivuta pumzi muda mrefu, kifua kikikoroma.

"Hapana. Sina nguvu za kukudanganya. Chukua supu yako."

Nikaichukua. Nje, kituo cha tramu, niliinywa yote, maana nilikuwa na njaa.

Alikufa Alhamisi. Mazishini tulikuwa watu watano. Binti yake, kibarua wa kiwanda cha sabuni, alikuja hadi nilipo, akanitazama sawasawa.

"Wewe ndiye Drahomíra?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Ondoka, tunataka kumzika."

Nikaondoka. Mwanangu ni daktari sasa, wa mapafu, na sijamweleza.