Jina Lililojaza Seva

Seva yetu ya Iringa ilikuwa ikiganda karibu kila wiki. Mimi nilikuwa Mbeya, kwenye ofisi kuu ya kampuni ya pembejeo pale Ilomba, nikiangalia mtandao wa matawi yote. Aliyenipigia simu kutoka Iringa alikuwa dada mmoja, mhasibu wa tawi.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe. "Imeganda tena."

"Kamwene, dada. Izime, uiwashe."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu alipofiwa na mtoto wake yalipungua zaidi.

Kilichoisumbua seva nilikifahamu. Ni programu ndogo inayokusanya taarifa za mfumo wa tawi, nani kaingia, nani kakataliwa, na kuzituma Mbeya. Ilikuwa ikila memori kidogo kidogo bila kuirudisha. Nilibadilisha mipangilio, haikusaidia. Mwisho nikachukua nakala ya memori yenyewe, nione imejaa nini.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nilipoifungua.

Jina la yule mtoto. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kioo kizima, na mwaka aliozaliwa ukifuata nyuma yake. Jina lile nililisoma kwenye msalaba mdogo kule Kilolo, siku tuliyokwenda kuzika. Na mbele ya kila jina, maneno yale yale: mtu huyu hajulikani, mtu huyu hajulikani. Chai ilinimwagikia mapajani, nikasimama, nikakaa tena. Niliogopa, sina sababu ya kuficha.

Akili iliporudi ndipo nikaelewa. Lilikuwa neno la siri la dada yule. Siku moja, kwa haraka, aliliandika mahali pa jina lake mwenyewe, mfumo ukamkatalia, ukaandika kwamba mtu huyo hajulikani. Taarifa ile ikakuta mtandao umekatika. Programu ilipojaribu kuituma ikashindwa, ikatengeneza nakala nyingine, ile ya kwanza ikaisahau humo humo. Na mtandao wa Iringa hukatika mara nyingi.

Dawa ilikuwa kuweka toleo jipya la programu, kazi niliyoimaliza nikiwa Mbeya. Lakini neno lile, kwa kuwa limeshaonekana, lilibidi libadilishwe, na jambo kama hilo sikuweza kumwambia mtu kwenye simu. Kesho yake nikapanda basi. Chimala tulipita, Igawa tulipita, sikununua hata maji.

Nilimkuta peke yake ofisini.

"Dada, itabidi ubadilishe neno lako la siri."

Akanitazama. "Umeliona?"

"Nimeliona."

Alishika ukingo wa meza.

"Nyumbani hatumtaji," alisema baadaye. "Baba yake akilisikia jina lake anatoka nje. Basi nikawa namwita hapa, asubuhi, kwa vidole. Hebu nionyeshe."

Sikutaka, lakini nikamfungulia. Aliisoma mistari ile midomo ikichezacheza. Alipoyaona maneno yaliyotangulia jina akashtuka.

"Hajulikani?" akasema kwa sauti. "Nani hajulikani?"

"Ni mashine tu, dada."

"Futa."

Nikafuta. Akaandika neno jipya, mimi nikageukia dirishani.

Seva haijaganda tena tangu siku ile. Mchana ule tulipotoka kwenda kula, alianza kunisimulia habari za mtoto, jinsi alivyoogopa kuku, jinsi alivyokataa viatu, akimtaja kwa jina barabarani mbele ya watu. Nilitembea kando yake nikiitikia tu.