Mlango Ambao Kogo Hakuufungua

Nilipokuwa mtoto huko kwetu karibu na Roret, mtoto mchanga alifichwa. Mgeni hakuruhusiwa kumwona, maana wako watu wenye jicho baya, na likimpata mtoto angali mbichi, atalia mpaka afe. Kogo, yaani nyanya yangu, hakuwa na mzaha na jambo hilo. Ndugu yangu Kiplangat alipozaliwa, hata wachuma chai tuliozoea kuwapa maji nyumbani walinywea barabarani.

Basi kabla ya mvua ya masika wakaja vijana wa kupuliza dawa ya mbu, pampu mgongoni. Walitaka kila kitu kitoke nje, vyombo, magodoro na watu. Majirani walitoa. Kogo akasimama mlangoni.

"Ndani kuna mtoto mchanga. Hatoki."

"Kogo, mfunikeni tu na shuka mtoke naye," kijana mmoja akamwambia kwa upole. "Hii malaria ni mbaya."

"Na wewe, nani amekuambia macho yako ni mazuri?"

Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, nikamwona Kogo shujaa kabisa. Mama akasema kutoka ndani, "Si tuwaache tu waingie?" Kogo hata hakugeuka. Vijana wakaenda zao kwa jirani.

Mvua ikaja, na mbu nao. Kiplangat akachemka homa. Kogo akashikilia kwamba yule kijana alichungulia, akamwita mzee wa kumtemea mtoto mate ya baraka. Tukangoja apate nafuu. Ole wetu! Tulipofika hospitali, malaria ilikuwa imemmaliza damu. Tulirudi naye amefungwa kwa leso.

Vijana waliporudi mwaka uliofuata, Kogo alitoa vyombo vyote mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kisha akawaambia, "Pigeni pale kwa kitanda cha mama yake. Pigeni sana."

Watu wa kwetu husema Kogo alimuua mjukuu kwa ujinga. Mimi huwa nakasirika. Kogo alimpenda mtoto yule kuliko sisi sote, na alimlinda kwa njia aliyoijua. Siku hizi wanaokuja na dawa ni akina mama wa hapa hapa kijijini, na wakifika huuliza kwanza kama kuna mtoto mchanga. Hao Kogo angewafungulia, tena angewapa chai. Nikiwaona naumia sana, kwa sababu Kiplangat sasa angekuwa mwanamume mwenye ndevu.