Mafuta ya Nta na Watoto Wawili wa Mugeta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja pale Musoma, sikupewa hata kiti. Mfamasia, mwanaume mfupi asiyecheka, alinitazama viganja akauliza, "Binti, unajua kusonga ugali?" Nikasema ndiyo. "Basi koroga hii mpaka ipoe. Ukiacha, nitajua."

Yalikuwa mafuta ya ngozi kavu. Siku hizo tulikuwaga tunayatengeneza wenyewe kwenye chumba cha dawa, na hata nyumbani unaweza. Nta ya nyuki unaiyeyusha, unaichuja kwa kitambaa, ikiganda unaikwaruza. Kijiko kimoja cha nta, vinne vya mafuta ya alizeti, unatia kwenye bakuli, na bakuli unaliweka ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Ukiyaweka motoni moja kwa moja yataungua. Nta ikiyeyuka yote unaepua, unakoroga polepole, la sivyo yanafanya mabonge. Maji usitie hata tone, yataota ukungu. Ni hayo tu, na ningeishia hapo ningestaafu na amani yangu.

Nikahamishiwa Bunda. Huko wagonjwa walikuwaga wanakuja na makopo yao. Akaja mama mmoja kutoka Mugeta, Bhoke, na mtoto wa miezi sita, ngozi imekauka mpaka inapasuka magotini. Nikampimia mafuta. Kopo lilikuwa safi, nililinusa mwenyewe.

Wiki haijaisha, huyo karudi mbio. Mtoto mwekundu mwili mzima, ngozi inatoa majimaji, amelia mpaka sauti imekauka. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akaniita mbele ya watu.

"Umeweka nini humu?"

"Nta na alizeti, Daktari."

"Mbona yananuka maziwa?"

Bhoke akajibu yeye, wala hana wasiwasi. "Si niliongeza siagi ya kibuyu, Dokta. Kopo lenyewe dogo, na mke mwenzangu naye mtoto wake ana ngozi hivyo hivyo. Nisingempa angenionaje?"

Kwao siagi ndiyo mafuta ya mtoto tangu azaliwe, na dawa ya mtoto mmoja ni ya watoto wote wa boma. Nikashusha pumzi: kumbe siagi! Daktari akaagiza yule mtoto wa pili naye aletwe haraka.

Kesho yake akaletwa. Jamani! Ngozi laini, inang'aa, nyufa za magotini zimefunga kabisa. Kopo lile lile, siagi ile ile. Na huyu wa Bhoke alikuwa anapakwa siagi tangu azaliwe, haikumfanya kitu. Sasa ni nini? Nta yangu? Nikajipaka mkono mzima, hakuna kitu. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu sikujua kama nimemuunguza mtoto wa mtu au la.

"Andika taarifa," Mfawidhi akasema.

"Chanzo niandike nini, Daktari?"

Akalinusa kopo tena. "Andika hakijulikani. Hata mimi sijui, mama."

Mtoto wa Bhoke tuliacha kumpaka kitu chochote, akaoshwa kwa maji tu, akapona taratibu. Halafu Bhoke akaniletea kuku wa shukrani, eti nimemponya mtoto wa mwenzake! Weee, nilimpokea yule kuku sijui nicheke au nikimbie.

Nikamalizia kazi Butiama, zahanati moja upande wa Buswahili. Huko mafuta yalikuja tayari kwenye makopo yake, mimi kazi yangu kugawa tu. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Sikukoroga tena mpaka nikastaafu.

Juzi mjukuu wangu kaja kutoka Musoma na kichanga chake, miguu imekauka inapasuka. "Bibi, si ndiyo ilikuwa kazi yako?" Nikayatengeneza, yakatoka mazuri, hayana bonge hata moja. Nikasimama na kopo mkononi, nimeduwaa. Mwisho nikampaka mguu mmoja tu, wa kushoto, nikamwambia mama yake tusubiri.

Leo ni siku ya tatu. Mguu wa kushoto umekuwa laini kabisa. Wa kulia bado unapasuka, mtoto analia ukiguswa, na mjukuu wangu ananiuliza nasubiri nini. Namwambia wiki bado haijaisha.